Laptopu iliyokufa betri: yajue haya kabla hujavuka Manda

Kila likizo inapokaribia kwisha, kibandani kwangu hapa Langoni huja swali lile lile. Mtu ananiwekea laptopu mezani (vitabu vya shule vinaiita kipakatalishi, lakini sijapata mteja hata mmoja aliyeniletea kipakatalishi) na kuniambia: "Fundi, betri imekufa, lakini nikichomeka waya inawaka vizuri tu. Nitapita nayo kiwanja cha ndege?"

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa fupi: utapita, hakuna neno. Siku hizi silitoi tena. Sababu yake ni kijana mmoja wa kisiwa cha Pate, na kosa lililofanyika lilikuwa langu zaidi kuliko lake.

Kijana huyo alikuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Laptopu yake ilikuwa ya zamani, betri haishiki chaji hata dakika moja. Betri mpya ya aina ile ilibidi iagizwe Mombasa, na yeye alikuwa anasafiri keshokutwa. Nikamwambia aende nayo hivyo hivyo. Nikamwambia tena, kwa busara zangu za fundi, kwamba waya wa chaji ni mzito, autie kwenye sanduku kubwa ili mfuko wa mkononi uwe mwepesi. Manda alipita. Nairobi alipita. Kwenye kiwanja cha tatu, kile cha kubadilishia ndege, ambacho sitakitaja, askari wa ukaguzi wa mwisho alimwambia: iwashe. Waya ulikuwa sandukuni na sanduku lilikuwa limeshapakiwa. Mlango wa ndege ulikuwa karibu kufungwa. Akapewa hiari ya kuiacha laptopu au kuiacha safari.

Aliniandikia usiku ule: "Ami, imebaki." Hakunilaumu, na pengine ndiyo maana nimejilaumu mwenyewe zaidi. Ndani ya laptopu ile mlikuwa na kazi ya miezi minne: mazungumzo aliyorekodi na wazee wa Siyu waliokuwa wakifanya kazi ya ngozi, makubadhi na mikanda, pamoja na picha za vifaa vyao na majina ya kila kifaa kwa lugha ya kwao. Hakuwa na nakala. Wazee wawili kati ya wale watatu wameshatangulia mbele ya haki.

Basi haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile.

Kwanza, kwa nini wanataka iwake. Mashine ya eksirei haijui kama betri ina chaji au haina. Inachoonyesha ni uzito na aina ya vitu kwa rangi: chuma huonekana buluu, na vitu kama nguo, chakula, karatasi na plastiki huonekana rangi ya chungwa. Baruti nyingi nazo huangukia kwenye hiyo hiyo rangi ya chungwa. Betri ya laptopu ni kipande kizito kilichobanana, na kwenye kioo cha askari, betri nzima, betri iliyokufa na kitu kilichotiwa mahali pa betri vyaweza kufanana. Laptopu ikiwaka, angalau inajulikana kwamba ndani yake mna kompyuta inayofanya kazi ya kompyuta.

Hofu hii haikuzuka hewani. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, wakafa watu 270. Bomu lilikuwa limefichwa ndani ya redio ya kaseti. Na tusiseme ni mambo ya mbali. Tarehe 2 Februari 2016, ndege ya Daallo iliyotoka Mogadishu kwenda Djibouti ilitobolewa ubavuni na bomu muda mfupi baada ya kupaa. Wachunguzi walisema bomu lilikuwa kwenye laptopu. Aliyekuwa nalo alirushwa nje kupitia tundu lile na ndiye peke yake aliyekufa. Rubani aliirudisha ndege Mogadishu ikatua salama. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Machi, laptopu nyingine ililipuka kwenye ukaguzi wa kiwanja cha Beledweyne. Kaunti yetu inapakana na Somalia upande wa Kiunga, na Januari 2020 kambi ya Manda Bay ilishambuliwa, wakauawa Wamarekani watatu. Askari wa Manda akiikagua laptopu yako kwa kuigeuza mara mbili tatu, usimwone mkorofi.

Hata hivyo sitadai kwamba kuwasha ni kinga kamili. Katika kisa kile cha Mogadishu, kamera za kiwanja zilionyesha watu wawili waliokuwa wakifanya kazi pale pale wakimkabidhi msafiri kitu kinachofanana na laptopu baada ya kupita ukaguzi. Panapokuwa na mtu wa ndani, eksirei na swichi havisaidii. Lakini mimi na wewe hatuna la kufanya kwa hilo. Letu ni kufika na chombo kinachowaka.

Amri yenyewe ilipata nguvu Julai 2014. Marekani ilitangaza kwamba kwenye baadhi ya viwanja vya nje vyenye ndege za moja kwa moja kwenda kwao, msafiri anaweza kutakiwa awashe simu au kompyuta, na kisichowaka hakipandi ndege. Uingereza ikafuata mwezi ule ule, na mpaka leo maelezo ya serikali yake kwa wasafiri yanasema hivyo: kifaa kikishindwa kuwaka unapoambiwa ukiwashe, hutaruhusiwa kuingia nacho. Halafu Machi 2017 ikaja amri nyingine. Marekani ilizuia laptopu kabisa ndani ya ndege zilizotoka viwanja kumi, vikiwemo Dubai, Doha, Abu Dhabi na Jeddah, njia ambazo watu wetu wengi hupitia. Zilitakiwa ziende kwenye mizigo ya chini. Vizuizi hivyo viliondolewa Julai mwaka huo huo, lakini bado napata mteja anayeniuliza kama "ile amri ya Dubai" ipo. Haipo. Ile ya kuwasha ndiyo iliyopo. Na tangu tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kwenda New York, hata Nairobi ni kiwanja cha mwisho kabla ya Marekani, kwa hiyo unaweza kuambiwa uwashe pale pale nyumbani.

Kwa safari za ndani, Manda kwenda Nairobi, Malindi au Mombasa, wengi hupita bila kuambiwa wawashe chochote. Hilo ndilo lililonidanganya. Nilipima safari ya ng'ambo kwa kipimo cha safari ya Wilson.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Mtu akiniambia "betri imekufa", mimi husikia mambo matatu tofauti, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni betri iliyokwisha chaji tu. Hiyo haikufa, imelala. Ichaji usiku kucha, halafu zima kabisa, usiifunike tu ikiwa imesinzia, maana inayosinzia huendelea kula chaji mpaka ufike imekwisha tena.

La pili ni betri isiyoshika chaji, lakini laptopu inawaka kwa waya. Hii ndiyo ya wengi hapa, na ndiyo iliyokuwa ya kijana wangu. Hakuna sheria inayokataza kusafiri nayo. Shida ni kuithibitisha. Waya na adapta viwe kwenye mfuko wa mkononi, juu kabisa, si chini ya nguo. Usitegemee kwamba utakuta soketi karibu na mashine ya ukaguzi. Pengine ipo, pengine iko nyuma ya kaunta na utaomba. Kwa hiyo omba mapema. Kabla hujauweka mfuko kwenye mkanda, sema: "Afisa, laptopu hii betri yake haishiki chaji. Inawaka kwa waya, na waya ninao hapa." Aliyesema mwenyewe hutazamwa tofauti na aliyegunduliwa. Na fika mapema kuliko wenzako, kwa sababu kutafuta soketi huchukua muda na ndege haikungojei.

Jambo dogo ambalo mafundi tunalijua na wateja hawalijui: ndani ya laptopu nyingi za zamani mna betri ya pili, ndogo kama kifungo cha koti, inayotunza saa na tarehe. Ikifa hiyo pamoja na ile kubwa, kila ukichomeka waya mashine huamka imesahau mwaka. Kioo kinakuwa cheusi chenye maandishi meupe, kinalalamika kuhusu tarehe na kungoja ubonyeze kitufe fulani ndipo kiendelee. Nyumbani unaona ni kawaida yake. Mbele ya askari, na wewe jasho linakutoka, inaonekana kama mashine mbovu. Betri hiyo ya kifungo ni rahisi na huibadilisha kwa muda mfupi. Kama hutaki kuibadilisha, basi jizoeze nyumbani ujue kitufe ni kipi. Na masasisho ya programu yamalize kabla ya siku ya safari, isije mashine ikaanza kujisasisha asubuhi hiyo, ukachomoa waya katikati, ikakataa kuwaka kabisa.

La tatu ni betri iliyovimba, na hapa sibembelezi mtu. Hiyo haisafiri, si mkononi, si sandukuni. Kanuni za usafiri wa anga zinakataza betri ya lithiamu iliyoharibika au yenye kasoro inayoweza kuleta moto, na betri iliyovimba ni hiyo hasa. Utaijua hivi: laptopu ukiiweka juu ya meza iliyo sawa inayumba, kifuniko hakifungi sawasawa, pale pa kupapasia kidole pameinuka au pamekuwa pagumu kubonyea. Kisiwani tunaziona nyingi. Joto ni letu mwaka mzima, na watu huiacha laptopu kwenye waya mchana na usiku wakiogopa stima kukatika, betri inakaa imejaa na moto kwa miezi. Gesi hujikusanya ndani ya pakiti na kuifurisha.

Usiitoboe kutoa hewa. Nimeona mtu amefanya hivyo kwa sindano ya kushonea, na Mungu alimnusuru macho. Usiibonyeze irudi, usiianike juani. Zima laptopu, chomoa waya, ilete kwa fundi. Mimi nikishaitoa huiweka nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na mlango. Moto wa lithiamu hauna masihara: tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka kwenye shehena iliyokuwa na betri nyingi za aina hii, wakafa marubani wote wawili. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena zimepigwa marufuku kwenye ndege za abiria.

Betri iliyovimba ikishatolewa, laptopu yenyewe yaweza kusafiri bila betri. Ila jaribu kwanza. Ziko zinazowaka kwa waya bila betri kama kawaida, ziko zinazowaka kwa uvivu, na ziko zinazogoma kabisa. Ikigoma, unasafiri na sanduku la vyuma usiloweza kulithibitisha, na kwenye safari ya ng'ambo ningekushauri utoe diski ya kumbukumbu tu uende nayo, mwili wa laptopu ubaki.

Watu huuliza: si niitie tu kwenye mzigo mkubwa? Laptopu yenye betri yake ndani yaweza kwenda chini, kwa masharti kwamba imezimwa kabisa na imefungwa vizuri isigongwe. Lakini betri iliyochomolewa, ya akiba, pamoja na pawabenki, hizo haziendi chini hata kidogo. Ni za mkononi tu. Kumbuka hilo hasa kwenye ndege zetu ndogo, maana mara nyingine mfuko wako wa mkononi huchukuliwa mlangoni ukatiwa chini kwa kukosa nafasi. Toa pawabenki kwanza.

Na pawabenki yaweza kukuokoa, ikiwa laptopu yako ni ya kisasa, ile inayochajiwa kwa tundu dogo la mviringo kama la simu mpya. Iwe pawabenki yenye nguvu ya kutosha laptopu. Ile ya simu haitaiamsha. Mipaka yake inahesabiwa kwa wati-saa, na hesabu ni nyepesi: zidisha volti kwa ampea-saa. Pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000, kwa volti 3.7, ni wati-saa 74. Ya 30,000 ni 111. Betri ya laptopu iliyoandikwa volti 11.1 na mAh 4,400 ni karibu 49. Chini ya 100 unapita bila ruhusa maalumu. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali. Zaidi ya hapo usijisumbue. Wanaokwenda Ghuba wazingatie kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates wanaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, chini ya wati-saa 100, na haitumiki ndani ya ndege. Kwa hiyo iamshe laptopu yako kabla ya kupanda.

Sisi wa visiwani tuna mtihani mwingine ambao maelezo ya mashirika hayautaji: kabla ya kiwanja kuna bahari. Anayetoka Faza au Kizingitini anapanga safari yake kwa maji ya Mkanda, maji yakipwa boti inasubiri au inazunguka nje. Wengi hulala Lamu usiku wa kuamkia safari. Usiku huo ndio wa kuchaji na kujaribu, si asubuhi jetini. Kisha boti ya kuvuka Manda, na siku za kusi maji ya chumvi yanaingia ubavuni bila kuomba ruhusa. Mifuko ya nailoni tuliyokuwa tukifungia vitu imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, basi tafuta mfuko mzito wa kuzuia maji kama wanaotumia mabaharia, na waya nao uwe humo. Nimeshapokea adapta iliyolowa maji ya bahari asubuhi ya safari. Ilifutwa, ikaonekana kavu, ikachomekwa, ikalia mara moja ikanyamaza.

Na kabla ya yote hayo, toa nakala. Flashi ni bei ya samaki wa mchana mmoja. Mtu yeyote anayeleta laptopu kwangu akisema anasafiri, siku hizi namuuliza hilo kabla sijafungua hata skrubu moja, na wengine hukasirika wakidhani nataka kuwauzia flashi. Kweli nauza. Lakini hata ukiwa na ya kwako nitakutilia bure.

Kijana wetu alirudi likizo iliyopita na laptopu nyingine. Alikwenda Siyu akakaa siku mbili na yule mzee wa tatu, ambaye yu hai na mikono yake bado inashika shazia ingawa macho yamepungua. Baadhi ya majina ya vifaa mzee aliyakumbuka, mengine alisema aliyeyajua ni mwenzake. Nakala ya kazi hiyo iko kwangu, kwenye flashi, ndani ya mkebe wa majani ya chai, na nyingine iko kwa mamake huko Pate.